Mguu wa Mandula

Ijumaa asubuhi, jua likiwa bado halijavuka paa la ghala, Jolán Szekeres alipiga magoti kwenye majani makavu ya banda la saba, akapitisha kiganja juu ya muundi wa mguu wa mbele wa kushoto wa Mandula, akatulia kama mtu aliyesahau kilichomleta. Akapitisha tena. Kisha akaushika mguu wa kulia ili alinganishe. Wa kulia ulikuwa baridi kama chupa. Wa kushoto, vidole vitatu chini ya goti, ulikuwa na uvuguvugu wa kikombe cha chai kilichoachwa mezani.

Mandula alikuwa farasi jike wa miaka mitatu, kahawia iliyoiva, mwenye doa jeupe usoni na tabia ya kutafuna vifungo vya watu. Ndani ya wiki saba alikuwa amekimbia mashindano matano na kushinda matatu. Hakuwa akichechemea, na hilo ndilo lililomtia Jolán hofu. Aliwajua farasi wa mbio. Inzi akimng'ata mmoja wao, atapiga mateke mpaka mtaa wa pili usikie. Mfupa ukianza kupasuka, atanyamaza na kula shayiri yake kama kawaida.

"Wewe mwongo," alimwambia. Mandula akamtafuna kifungo cha kola.

Jolán alikuwa na miaka sitini na mmoja, na thelathini na minane kati ya hiyo alikuwa saisi katika mazizi haya ya Kertesháza: kulisha, kupiga brashi, kuzoa samadi, kutembeza. Binti yake, Piroska, alifanya kazi posta. Mume wa Piroska, Dezső, alikuwa mpanda farasi wa mbio, naye ndiye aliyepangwa kumpanda Mandula Jumapili. Wote watatu waliishi katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la chakula cha farasi, nyumba ambayo, sawa na ghala, sawa na ndoo na brashi, ilikuwa mali ya mkufunzi Ákos Verebély. Kwa hiyo Verebély akikohoa, Jolán alikuwa na desturi ya kusikiliza kama kikohozi kile kinamhusu.

Alimkuta mkufunzi ameketi kwenye ngazi za ofisi na kahawa yake. Akamweleza. Verebély alikuja bandani, akaugusa mguu kwa vidole viwili tu, kama mtu anayepima kama rangi ya ukuta imekauka.

"Inzi," alisema. "Ni Julai, Jolán. Hata mimi miguu yangu inawaka."

Jolán akamkumbusha kwamba pampu ya uwanja wa mbio ilikufa tangu Juni, na kwamba tangu hapo maji yalimwagwa kwa bomba la mkono mbele ya jukwaa tu, ili watazamaji waone kijani. Huko nyuma, kwenye kona ya pili na ya tatu, udongo ulikuwa umekauka mpaka kwato zilitoa mlio kama mtu anayepiga hodi. Farasi mwenyewe mifupa yake bado michanga, na ameshakimbia mara tano juu ya saruji ile. Apumzishwe wiki sita, apigwe picha ya eksirei, basi.

Verebély alimsikiliza mpaka mwisho, na hilo lilimfanya Jolán ajue kwamba jibu lilikuwa limeandaliwa kabla. Bwana Borbás, mwenye Mandula, alikuwa na farasi saba katika zizi hili. Jumapili alikuwa anakuja na wageni, mmoja wao wa wizarani. "Nikamwambie nini? Farasi wako hakimbii kwa sababu ya kiganja cha saisi?"

"Mwambie hivyohivyo. Kiganja ninacho, akitaka aje akione."

"Daktari Szabolcs atampiga sindano kesho. Mguu utapoa."

"Mguu utapoa," Jolán alisema. "Mfupa je?"

Verebély akatazama simu yake, ambayo haikuwa imelia, akasema jambo jingine kabisa. Bwana Borbás aliomba Jolán amwokee ile mikate yake ya kuviringisha kwa ajili ya wageni. Mikate kumi, nusu ya jozi na nusu ya mbegu za mpopi. Malipo hakuyataja, na Jolán hakuyauliza, kwa sababu swali la aina hiyo katika nyumba ya mtu mwingine huishia kwenye mazungumzo juu ya nyumba.

*

Mchana, nyumbani, Piroska alikula viazi vya pilipili na soseji akiwa ameupa uso ukuta. Ndivyo walivyokubaliana: wiki ya mashindano, anayekula chakula kamili hamtazami Dezső, na Dezső hamtazami anayekula. Yeye mwenyewe alikuwa na sahani ya tango lililokatwa vipande vyembamba sana, vingi, ili vionekane kama mlo. Alitakiwa kufika kilo hamsini na nne Jumapili na alikuwa amezidi kwa kilo moja, kilo ambayo aliizungumzia kama jamaa mkorofi aliyegoma kuondoka nyumbani.

Jolán alimwambia kuhusu mguu. Alimwambia taratibu, bila kupamba.

"Mama," Dezső alisema, "nikikataa, atampanda Kálmán. Farasi atakimbia vilevile. Tofauti ni kwamba mimi nitakuwa jukwaani natafuna mbegu za alizeti."

"Na utakuwa umekaa. Mzima."

"Sijashinda tangu Oktoba. Unajua wananiitaje kule chumba cha mizani? Posta. Kwa sababu nafika, lakini nachelewa."

Piroska akageuka kutoka ukutani. Alitaka kujua mguu gani, joto gani, na kwa nini yeye ni mtu wa mwisho kuambiwa. Dezső akajibu haraka kwamba hakuna kitu, Mama amegundua joto mwezi wa Julai. Alisema kwa mzaha, akacheka peke yake, akanyoosha mkono kuchukua kipande cha tango, akakuta ameshakimaliza.

Jolán hakubishana. Aliwahi kuusikia mfupa wa farasi ukivunjika kwenye kona ya tatu, mlio mkavu, kama ubao unaokanyagwa ghalani. Na aliwahi kufua shati la kijana aliyekuwa juu ya farasi yule. Farasi aliuawa siku hiyohiyo. Kijana alitembea tena baada ya mwaka na nusu, kwa fimbo. Mambo hayo hakuyasema mezani. Alimtazama mkwewe, shingo yake nyembamba, masikio yake yaliyojitokeza kwa njaa, akaona kwamba mtu aliyekosa soseji kwa wiki nzima hawezi kushindwa kwa maneno.

*

Jumamosi asubuhi Daktari Szabolcs alikuja na gari lake safi, akapiga sindano, akaondoka bila kuzima injini. Kufikia saa sita mguu wa kushoto ulikuwa baridi kuliko wa kulia na Mandula alikuwa akicheza bandani kama bibi harusi. Verebély alimwita Jolán makusudi aje aone.

"Inzi wameondoka," alisema.

"Wamelewa," Jolán alijibu.

Alipopata nafasi alipiga simu ofisi ya mbio. Aliyepokea alikuwa mwanamke mwenye sauti ya usingizi, akaeleza kwamba taarifa kuhusu afya ya farasi hupokewa kutoka kwa mwenye farasi, mkufunzi, au daktari wa zizi. Yeye ni nani kati ya hao?

"Mimi ndiye ninayemshika."

Karatasi zikapekuliwa. "Kushika hakuna kwenye fomu," yule mwanamke alisema, na kwa kweli alionekana kusikitika.

Basi Jolán akaenda kuoka. Alikuwa ameshakanda unga na alihitaji beseni kubwa, na beseni kubwa lilikuwa ghalani, likitumika kupimia pumba. Alipokuwa akilikung'uta aliinua macho, akakutana na tangazo lililobandikwa ukutani kwa miaka tisa. Alilipita kila siku kama anavyopita ukuta wenyewe. Lilikuwa orodha ya vitu ambavyo farasi wa mashindano haruhusiwi kula: kahawa, chokoleti, na vingine vyenye majina marefu. Katikati, kwa wino uliofifia, yalikuwa maneno mbegu za mpopi. Watu hula mbegu hizo kwenye mkate na kulala salama. Lakini mpopi ndio mama wa kasumba, na katika damu ya farasi mtoto humtaja mama yake.

Jolán alisimama na beseni kiunoni akalisoma tangazo lile polepole, mara mbili, kama barua kutoka kwa ndugu aliyepotea siku nyingi.

Jioni, Piroska alihesabu mikate iliyopoa mezani, akamwambia mama yake kwamba Bwana Borbás alitaka nusu kwa nusu. Hapa kulikuwa na miwili ya jozi na minane ya mpopi.

"Jozi zilikuwa chungu," Jolán alisema. Akakata ncha ya mmoja, akatafuna, akaongeza sukari ya unga juu.

*

Tihamér Borbás alikuwa muuzaji wa vigae na masinki ya choo, na alikuwa amefanikiwa kiasi kwamba hakuna mtu wilayani aliyeweza kukaa chooni bila kusoma jina lake. Jumapili saa nne asubuhi aliingia mazizini na suti nyeupe na wageni kumi na wawili. Verebély alikuwa ofisini kwa wasimamizi, akitia sahihi. Dezső alikuwa kwenye chumba cha mvuke akiifukuza ile kilo ya mwisho. Pale bandani alikuwepo Jolán, kisu, na kikapu cha mikate.

"Huyu hapa ndiye Shangazi Ilonka," Borbás aliwaambia wageni. Mara iliyopita alimwita Julika. "Mikono ya dhahabu."

Shangazi Ilonka akainamisha kichwa, akawakatia wageni mkate. Walikula, wakasifu, wakajifuta sukari midomoni. Mandula, ambaye hakuwa na adabu wala hakuwahi kudai anayo, alinyoosha shingo juu ya mlango mfupi na kupanua pua. Bibi mmoja mwenye kofia ya majani alifurahi sana, akauliza kama anaweza kumpa kipande.

"Hapana, bibi," Jolán alisema. Alisema kwa sauti ya kutosha. "Siku ya mashindano farasi hapewi mkate huu. Imekatazwa. Hata Bwana Borbás mwenyewe hawezi kumpa."

Wageni wakamtazama Borbás. Borbás akatabasamu, lakini kwa upande mmoja tu.

"Hawezi?"

"Haruhusiwi, bwana. Ni kanuni. Na mkufunzi hataki."

"Hebu tuulizane, shangazi. Farasi ni wa nani?"

"Ni wako, bwana."

"Mkate ni wa nani?"

"Ni wako, ingawa hujaulipia."

Wageni wakacheka, na yule wa wizarani akacheka kwa muda mrefu kuliko wengine. Borbás alipitisha mkono juu ya vipande vilivyokatwa, akachukua mkate mzima wa mpopi, akaumega katikati. Mandula aliula nusu ya kwanza kwa namna ambayo hakuna aliyeweza kuiita ya kistaarabu. Bibi wa kofia alikuwa ametoa simu anapiga picha za video. Borbás akamwomba ahamie upande wa pili, kidevu chake kilipendeza zaidi kutoka kushoto, kisha akatoa nusu iliyobaki.

"Bwana, narudia, imekatazwa," Jolán alisema, akasogea kidogo pembeni asizibe picha.

Alikuwa ameonya mara mbili mbele ya mashahidi kumi na wawili. Kwa miaka thelathini na minane hakuwahi kutimiza wajibu wake kwa ukamilifu wa namna ile. Aliifunika mikate iliyobaki kwa kitambaa, akanawa mikono, akavua aproni, akavuka uwanja kwenda kwenye chumba cha daktari wa mashindano.

*

Daktari Hedvig Lantos hakuwa daktari wa zizi la mtu yeyote. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kila farasi anayekimbia ana haki ya kukimbia, na kwa sababu hiyo hakualikwa kwenye karamu nyingi. Alikuwa mrefu, na hakuwa na haja ya kucheka.

"Daktari, nina swali la mjinga," Jolán alisema mlangoni.

"Wajinga huwa hawatangulizi maneno hayo. Uliza."

"Farasi akila mkate wa mpopi zikiwa zimebaki saa tano mbio zianze, anaruhusiwa kukimbia?"

Daktari aliweka kalamu chini. "Kiasi gani?"

"Mmoja. Chembe chache zimebaki kwenye ndevu zake."

"Nani kampa?"

"Mwenye farasi. Nilimkataza. Video ipo, amejitokeza vizuri."

Walipofika bandani, Verebély alikuwa amekwisha kurudi na alikuwa akimfuta Mandula midomo kwa leso yake mwenyewe. Alikuwa mtu mwepesi wa kufikiri, ila leo alikuwa amechelewa kwa dakika kumi. Dezső naye alifika mbio, amevaa shati la hariri la mbio lenye rangi za Borbás, uso mwekundu kwa mvuke, kilo hamsini na nne kamili, akauliza kuna nini.

Verebély alianza kwa kusema kwamba farasi huyu hajala chochote tangu alfajiri. Borbás akashangaa. Alikuwa amemlisha yeye mwenyewe, kwa mkono wake, na bibi huyu ameshawatumia marafiki video. Akamletea daktari simu, akamwonyesha, akamrudishia mwanzo ili asikose.

"Basi," Daktari Hedvig alisema, "hakimbii leo. Na nitachukua damu na mkojo, tujue kilichomo."

Kwa Borbás maneno hayo yalikuwa aibu ndogo ya siku moja. Kwa Verebély yalikuwa jambo jingine. Damu ile ingeeleza habari za mkate, lakini isingeishia hapo. Ingesimulia na habari za jana, za gari safi na injini isiyozimwa. Jolán, ambaye alikuwa ameanza kuchana mkia wa Mandula kwa uangalifu mkubwa, aliona rangi ikimtoka mkufunzi usoni kuanzia juu kwenda chini.

"Daktari," Verebély alisema, "damu ya nini? Kusema kweli huyu farasi nilikuwa namtoa hata bila mkate. Ni mguu. Asubuhi hii nimehisi joto kwa kiganja changu mwenyewe."

"Joto gani?" Borbás akauliza. "Jana uliniambia yuko kama chuma."

Daktari akainama akaugusa mguu wa kushoto, akaugusa wa kulia, akarudi kwenye wa kushoto. Sindano ya Szabolcs ilikuwa imefanya kazi yake vizuri mno. "Hapa hakuna joto, Bwana Verebély. Huu mguu ni mzima."

Ikawa sasa mkufunzi anabishana na sindano yake mwenyewe. Jasho lilimtoka. Alisema mguu si mzima hata kidogo. Alisema uwanja umekauka, pampu imekufa tangu Juni, maji yanamwagwa mbele ya jukwaa tu. Alisema farasi mchanga hawezi kukimbia mara tano ndani ya wiki saba juu ya saruji na mfupa ukabaki salama. Kila mbio inaacha ufa usioonekana, na ufa haupewi muda wa kuziba. Alisema kwa hisia, kama mtu aliyekuwa akiyapigania mambo haya maisha yake yote. "Bonyeza, Daktari. Hapo. Vidole vitatu chini ya goti."

Daktari alimtazama, kisha akamtazama Jolán, ambaye alikuwa amefika kwenye fundo gumu la mkia.

"Vidole vitatu?"

"Mkufunzi ana mikono mizuri," Jolán alisema.

Daktari alibonyeza kwa kidole gumba. Mandula, aliyekuwa bado analamba sukari mdomoni, aliutoa mguu ghafla na kuuweka mahali pengine.

Mashine ya eksirei ilikuwa ndani ya gari la daktari. Picha ilitokea kwenye kioo kidogo, na wote wakasogea kuiona, hata yule wa wizarani: mfupa mweupe, mnene, wa kupendeza, na ndani yake mstari mweusi mwembamba, ulioinama kidogo, kama unywele ulioanguka juu ya sahani. Borbás alipuliza kioo auondoe.

"Hauondoki," daktari alisema. Alimweleza bila ukali kwamba mfupa wa farasi hauvunjiki kwa hatua moja. Huvunjwa na hatua zote za nyuma, ile ya mwisho inasingiziwa tu. Dawa ikifunika maumivu, farasi hajui kwamba anapaswa kupunguza mwendo, anakanyaga kwa nguvu zake zote palepale palipopasuka. "Huyu angefika kona ya pili. Labda ya tatu. Angeanguka katikati ya kundi, wengine wakija nyuma yake."

Dezső alikuwa amesimama na mjeledi wake chini ya kwapa. Alitafuta mahali pa kukaa, akakalia ndoo, na ndoo ilikuwa na maji. Hakunyanyuka mara moja.

"Kwa hiyo damu haihitajiki," Verebély alisema taratibu. "Farasi ametolewa kwa sababu ya mguu."

"Damu nachukua," Daktari Hedvig alisema. "Nimeshafungua sindano."

*

Majibu yalitoka baada ya wiki mbili na nusu. Verebély alifungiwa kufundisha farasi mpaka majira ya kuchipua, na Szabolcs akaanza kuonekana zaidi kwenye mashamba ya ng'ombe. Borbás alitozwa faini kwa ajili ya mkate, akailipa akiwa na furaha, kwa maana gazeti la wilaya lilichapisha picha yake, kidevu cha upande wa kushoto, na habari kwamba mpenda wanyama huyu alimwokoa farasi wake kwa mkono wake mwenyewe. Alihamisha farasi sita kwenda zizi jingine. Wa saba, Mandula, alimwacha. Hakuna zizi lililotaka farasi anayepaswa kusimama bandani miezi mitatu.

Verebély aliandika barua ya kuwatoa Jolán na familia yake nyumbani. Mke wake, Gizella, ambaye sasa leseni ya zizi ilikuwa kwa jina lake, aliisoma, akauliza nani ataamka saa kumi na moja kuzoa samadi, akaichana. Nyumba wakabaki nayo. Lakini si kila kitu kilibaki. Wakufunzi wengine walisikia namna mambo yalivyokwenda, na wakaamua kwamba mpanda farasi mwenye mama mkwe wa aina ile ni hatari kumweka karibu na banda. Mpaka Septemba Dezső alikuwa amepanda mara tatu tu, farasi watatu ambao kufika kwao kulikuwa ushindi. Jina la Posta lilibadilika, akaitwa Mpopi. Alinenepa kilo tano. Alinuna mezani, akala soseji huku amenuna, na kwa wiki sita hakumwambia Jolán neno lisilohusu chumvi.

Siku moja ya Septemba, Mandula alipoanza kutembezwa kwa mkono dakika kumi kila asubuhi, Dezső alitoka nyumbani akiwa na viatu vya mpira, akaungana nao bila kualikwa. Walizunguka uwanja mara moja, watatu. Mandula alimtafuna kifungo cha mkono, naye akamwachia.

"Nilijua," alisema.

Jolán aliendelea kutembea.

"Jumatano ile, mazoezini. Kwenye kona alibadili mguu mara mbili, akawa anaegemea kulia. Nikajua palepale. Nikasema moyoni, Jumapili tu. Mbio moja tu, nishinde, halafu nitamwambia Verebély." Akapangusa pua kwa kiganja. "Siku mbili nzima kabla yako, Mama. Nilipokucheka pale mezani nilikuwa najua."

Jolán alisimama. Alikuwa amejiandaa kwa kelele, kwa lawama, hata kwa kuambiwa amemharibia maisha, na kwa hayo yote alikuwa na majibu. Alimtazama kijana huyu aliyekuwa tayari kuvunjika ili asiitwe Posta, akaona hasira ikimpanda, kisha akaona haijui iende wapi.

"Mimi si wa kuambiwa hayo," alisema hatimaye. "Si mimi nitakayebaki mjane ukianguka."

Dezső akatazama nyumba. Ilikuwa Jumamosi, posta imefungwa. Piroska alikuwa jikoni, dirisha wazi, redio ikiimba. Alisema labda amwambie jioni. Jolán akasema jioni Piroska atakuwa amechoka, na mwanamke aliyechoka hurusha vitu bila kulenga. Akasimama pale akimtazama mpaka alipoanza kwenda. Alikwenda kama anavyotembea mtu kwenye mizani akijua amezidi. Mlangoni alivua viatu vya mpira, kimoja, kingine, akavipanga sawasawa, akavipanga tena. Akaingia.

Redio ikazimwa.

Kwa agizo la daktari zilikuwa zimebaki dakika nne, na Jolán hakuwa mtu wa kuvunja agizo la daktari. Alimgeuza Mandula, akampitisha njia ya ghala, chini ya dirisha la jikoni, polepole kuliko mguu ulivyohitaji. Ndani, kijana alikuwa akinong'ona. Kisha ikasikika sauti ya binti yake, tulivu kabisa, sauti ambayo Jolán mwenyewe alikuwa akiiogopa tangu msichana yule akiwa na miaka saba.

"Jumatano," Piroska alisema. "Kaa chini, Dezső. Anza tena, kuanzia Jumatano."